Andika swali kwanza: kwa anayeanza kuandika makachero wa kesi za ubakaji na utekaji

Skripti nyingi za upelelezi ninazoletewa na waandishi wapya huanza namna moja. Usiku, uchochoro, msichana anakimbia, mwanamume asiyeonekana sura yuko nyuma yake, yowe, kisha giza. Sini ya pili kachero anashuka garini. Kuanzia hapo kurasa zinajaa bastola, milango inayovunjwa kwa mateke na mtuhumiwa anayepigwa mpaka akiri. Yule msichana haonekani tena hadi sini ya mwisho, anapokuja kumshukuru kachero. Ukimwuliza mwandishi msichana huyo anaishi na nani, nani alikuwa wa kwanza kumwona baada ya lile giza, na alimwambia nini mtu huyo, hana jibu.

Nimeandika na kuhariri hadithi za aina hii muda wa kutosha kuweza kulisema hili waziwazi: kesi ya ubakaji au utekaji inasimama juu ya maswali. Nani anauliza, anauliza vipi, amekaa wapi, na anayeulizwa anaweza kusema nini leo ambacho jana kilimkwama kooni. Ukilijua hilo, mbio na milango utaviweka mahali pake. Usipolijua, hata upewe bajeti ya Marekani hadithi yako itakuwa tupu.

Wengi wenu mmevutwa kwenye kazi hii na Law & Order: Special Victims Unit. Mmechagua mwalimu mzuri. Ni tamthilia ya Marekani kuhusu kikosi cha makachero wa kesi za ngono jijini New York. Iliundwa na Dick Wolf, ikaanza kurushwa na NBC tarehe 20 Septemba 1999, na ilipofika msimu wa 21 mwaka 2019 ikawa tamthilia ya waigizaji iliyodumu misimu mingi kuliko zote katika saa za jioni za televisheni ya Marekani. Itazame ukiwa na kalamu. Chagua sehemu moja yoyote, uandike kila mahali makachero wanapokimbia, kisha kila mahali wanapovuta kiti na kukaa mbele ya mtu. Viti vitashinda kwa mbali.

Sasa tazama kikosi chenyewe kilivyopangwa. Olivia Benson, anayeigizwa na Mariska Hargitay, alizaliwa baada ya mama yake kubakwa. Waandishi walimpa historia hiyo tangu mwanzo, na ndiyo inayomfundisha kusikiliza: anauliza kama mtu anayejua kwamba jibu linaweza kuumiza vizazi viwili. Elliot Stabler wa Christopher Meloni ni baba wa watoto, Mkatoliki, mwepesi wa hasira, na kila swali lake lina harufu ya mzazi aliyeogopa. John Munch wa Richard Belzer, mhusika aliyehamia hapa kutoka tamthilia nyingine ya makachero wa Baltimore, haamini simulizi rasmi ya mtu yeyote, iwe ya serikali au ya jirani. Daktari George Huang anauliza kwa nini mtu alifanya alichofanya. Mwendesha mashtaka Alexandra Cabot anauliza jambo moja tu: je, hili nitaweza kulithibitisha mahakamani? Kila mmoja pale ni aina yake ya swali. Ndiyo maana kesi moja ikiwekwa mezani wanaweza kubishana dakika nzima, na mtazamaji hachoki, kwa sababu anasikia maswali matano tofauti juu ya mtu mmoja aliyeumizwa.

Kwa hiyo unapounda makachero wako, usianze na koti, sigara au mke aliyeondoka. Andika kwanza swali ambalo kila mmoja wao hawezi kuacha kuliuliza. Makachero wawili wenye swali lilelile ni kachero mmoja aliyelipwa mishahara miwili.

Tendo lenyewe usilioneshe. Najua utaambiwa na watayarishaji kwamba watu wanataka kuona. Katika tamthilia niliyoitaja, mara nyingi hadithi inaanza tendo likiwa limekwisha: wapita njia wanakuta mtu, au simu inapigwa kituoni, au muuguzi anawaita makachero wodini. Hiyo ni heshima, lakini pia ni ufundi. Ukionesha tendo, mtazamaji tayari anajua ukweli wote, na mahojiano yote yanayofuata yanakuwa marudio. Usipolionesha, mtazamaji anaujua ukweli kwa njia ileile anayoujua kachero, kupitia mdomo wa aliyefanyiwa, kidogo kidogo, pamoja na woga wote wa kutojua kama ataendelea kusema.

Na hapo tunaingia kwenye jambo ambalo waandishi wapya wengi hulikosa. Mtu aliyepitia ukatili hasimulii kwa mpangilio. Anaweza kukumbuka mlio wa feni na rangi ya shuka, akasahau kama ilikuwa saa mbili au saa nne. Anaweza kukueleza kwamba mwili uliganda, hakupiga kelele, hakukimbia, na akalisema hilo kwa aibu kana kwamba ni kosa lake. Anaweza kucheka. Anaweza kuoga, kufua nguo na kwenda kazini kesho yake. Skripti mbaya huyachukua haya na kuyafanya dalili za uongo: kachero anagonga meza, anasema "jana ulisema hivi, leo unasema vile." Kachero mzuri anajua kwamba kumbukumbu ya hofu huja vipande vipande, na kwamba mahojiano ya pili, baada ya usingizi na chakula, hutoa vitu ambavyo ya kwanza hayakuweza. Mpe mhusika wako mahojiano ya pili. Yaandike marefu kuliko ya kwanza. Mara nyingi ndiyo moyo wa sehemu nzima.

Jifunze pia swali linaloua. "Ulikuwa umevaa nini?" "Kwa nini ulikwenda kwake usiku?" "Mbona hukupiga kelele?" Maswali haya yanaulizwa kila siku kwenye vituo halisi, na usiyafiche. Yaweke kwenye mdomo wa askari wa kaunta, wa shangazi, wa wakili wa utetezi, kisha utuoneshe yanavyomfunga mtu mdomo. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Meru ilitoa uamuzi kwamba polisi walikiuka haki za watoto wa kike kwa kuzembea kuchunguza malalamiko yao ya kunajisiwa. Soma hukumu ile kabla ya kuandika kaunta ya kituo. Utaona kwamba mtu mbaya wa hadithi yako anaweza kuwa ofisa aliyefunga daftari na kumwambia mtoto arudi kesho.

Watoto wanataka somo lao wenyewe, na hapa naomba uwe na subira nami.

Mwaka 1983, katika shule ya chekechea ya McMartin huko Manhattan Beach, California, zilianza tuhuma za watoto kudhalilishwa kingono. Watoto wengi walihojiwa. Waliulizwa maswali yaliyobeba majibu ndani yake, yakarudiwa, wakasifiwa waliposema kile mhoji alichotaka kusikia. Kesi ilisikilizwa miaka hadi 1990 na hakuna aliyetiwa hatiani. Mpaka leo hakuna awezaye kuutenganisha ukweli na kile kilichopandwa na maswali yale. Kesi hiyo ni moja ya sababu kubwa za wataalamu kubadilisha namna ya kuzungumza na watoto: maswali ya wazi, mhoji mmoja aliyefunzwa, mazungumzo kurekodiwa, mtoto kutosumbuliwa na kusimulia upya kwa kila ofisa anayepita. Huko Huntsville, Alabama, mwaka 1985 kilianzishwa kituo cha kwanza cha aina yake Marekani kilichowakusanya polisi, madaktari na waendesha mashtaka chini ya paa moja kwa ajili hiyo. Zanzibar nao wana vituo vya Mkono kwa Mkono vyenye wazo linalofanana na hilo, kuanzia kile cha hospitali ya Mnazi Mmoja.

Sasa linganisha. Hii ni sini kama ninavyoletewa:

KACHERO: Mjomba alikushika huku chini, sivyo?
MTOTO: (anaitikia kwa kichwa)
KACHERO: Na alikwambia atakuua ukisema?
MTOTO: (anaitikia kwa kichwa)

Kachero amesema kila kitu. Mtoto hajasema hata neno. Wakili yeyote aliye macho ataibomoa sini hiyo mahakamani, na mtazamaji hajahisi lolote. Sasa hii:

KACHERO: Umesema hupendi Jumamosi. Niambie kuhusu Jumamosi.
MTOTO: Mama anakwenda gengeni.
KACHERO: Mama akishakwenda gengeni?
MTOTO: Mjomba anafunga mlango.
KACHERO: Anafunga mlango. Halafu?
MTOTO: Ananifanyia tabia mbaya.
KACHERO: Mimi sikuwepo, sijui tabia mbaya ipi. Nieleze wewe.

Kisha kimya. Usiandike jibu haraka. Acha mtoto achezee kifungo cha shati lake, kachero asitazame saa. "Tabia mbaya" ndivyo watoto wetu wanavyosema, na maneno hayo yamo kwenye hukumu nyingi za Kenya na Tanzania. Wajibu wa kachero ni kumsaidia mtoto afafanue bila kumwekea maneno mdomoni. Ona jinsi sini ya pili ilivyo na hofu zaidi, ingawa haina tishio hata moja. Mlango unaofungwa na mama aliyekwenda kutafuta riziki vimetosha.

Kwa mtuhumiwa chumba ni kingine, na hapa lazima niwe mkali, kwa sababu mmelelewa na televisheni kuamini kipigo. Stabler aliwakunja watu ukutani misimu mingi, na watazamaji walishangilia. Lakini katika jiji hilohilo la New York, mwaka 1989, vijana watano walikamatwa kwa ubakaji wa mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi katika Central Park. Wanne walirekodiwa kwenye video wakikiri baada ya mahojiano marefu. Wote watano walitiwa hatiani mwaka 1990. Mwaka 2002 mtu mwingine, aliyekuwa gerezani kwa makosa mengine, alikiri kwamba alitenda peke yake, vinasaba vikamthibitisha, na hukumu za wale watano zikafutwa. Maana yake ni kwamba miaka yote ile ambayo kila mtu aliamini kesi imekwisha, mwanamke yule hakuwa amepata haki hata kidogo. Kipigo na vitisho havimsaidii aliyeumizwa. Mwandishi anayempa shujaa wake ngumi ili kufupisha skripti anamfundisha mtazamaji kinyume cha hapo.

Kama unataka shinikizo ndani ya chumba hicho, sheria zenyewe zinakupa. Tanzania, muda wa msingi wa polisi kumhoji mtuhumiwa akiwa chini ya ulinzi ni saa nne tangu akamatwe, na ukiongezwa lazima taratibu zifuatwe. Kachero aliyebakiwa na dakika arobaini, mtuhumiwa mtulivu anayejua sheria, na mtoto anayesubiri nje: hiyo ni sini. Kenya ungamo halipokelewi kirahisi. Linapaswa kutolewa mbele ya hakimu, jaji au ofisa wa polisi wa cheo kilichotajwa na sheria, na mtu wa tatu ambaye mtuhumiwa mwenyewe amemchagua. Yule mpelelezi kijana aliyesikia mtu akikiri kwenye kiti cha nyuma cha gari hana kitu mkononi, na anajua hana.

Utekaji una saa yake tofauti. Katika ubakaji swali ni nini kilitokea. Katika utekaji mtu bado yuko huko, na kila swali linalokosewa linakula muda wake. Utafiti uliofanywa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington kuhusu watoto waliotekwa na kuuawa ulikuta kwamba asilimia 76 waliuawa ndani ya saa 3 za mwanzo. Ndiyo maana ile sini ya polisi kumwambia mama "subiri saa 24 zipite" inaudhi kila anayeifahamu kazi hii. Marekani, tangu 1990, sheria inakataza polisi kuweka muda wa kusubiri kabla ya kupokea taarifa ya mtoto aliyepotea. Na baada ya msichana Amber Hagerman kutekwa akiendesha baiskeli mjini Arlington, Texas, mwaka 1996, ukazaliwa mfumo wa kutangaza utekaji wa watoto kwa haraka redioni na kwenye televisheni, wenye jina lake. Askari wako akitaka kumsubirisha mama, amsubirishe kwa uvivu au kwa dharau, na hadithi imhukumu kwa hilo. Asifanye hivyo kana kwamba ndiyo utaratibu.

Jambo la pili la utekaji ni nani mtekaji. Makadirio ya serikali ya Marekani kwa mwaka 1999, mwaka uleule tamthilia yetu ilipoanza, yalisema watoto wapatao 203,900 walichukuliwa na watu wa familia zao, hasa wazazi wanaogombania malezi. Utekaji ule tunaoufikiria sote, wa mgeni anayemchukua mtoto na kumficha, kumdai fedha au kumuua, ulikadiriwa kuwa visa 115. Kwetu nako, katika kesi za kutekwa kwa watoto wenye ualbino kanda ya Ziwa, ndugu wa damu wamewahi kuwa miongoni mwa waliokamatwa. Kwa hiyo kachero anapoingia kwenye nyumba iliyopotelewa na mtoto, swali gumu kuliko yote anatakiwa kuwauliza watu waliokaa pale sebuleni wakilia. Amwulize baba alikuwa wapi. Amwulize mama kama kuna mtu wanadaiwa naye. Atalitoa vipi swali hilo bila kuvunja nyumba ambayo huenda haina hatia? Kaa na sini hiyo wiki nzima kama ni lazima.

Kuna mfuatano mmoja wa Special Victims Unit ambao kila mwandishi wa mambo haya anapaswa kuusoma. Mwishoni mwa msimu wa 14, mwaka 2013, Benson mwenyewe anatekwa na mtu aitwaye William Lewis. Wengi wanakumbuka sehemu za mateso. Mimi nawasisitizia kinachofuata. Msimu wa 15 unampeleka kwa mtaalamu wa saikolojia, unamrudisha kazini akiwa hajapona, kisha unamfikisha mahakamani, ambako Lewis anajitetea mwenyewe bila wakili na kwa hiyo ana haki ya kumhoji. Mwanamke aliyekaa miaka yote upande wa kuuliza sasa anaulizwa, na anayemwuliza ni mtekaji wake. Na Benson, mtu tunayemwamini kuliko wote, anadanganya akiwa chini ya kiapo kuhusu namna alivyompiga Lewis. Sijaona funzo kubwa zaidi la uandishi katika tamthilia hiyo. Hakuna mlipuko, hakuna mbio, kuna kiti cha shahidi na maswali, na huwezi kupumua.

Kuhusu maabara nitasema kwa kifupi, maana wengi mnaipenda kupita kiasi. Vinasaba havirudi kabla kahawa haijapoa. Mwaka 2009 huko Detroit waligundua kwenye ghala la polisi zaidi ya maboksi 11,000 ya ushahidi wa ubakaji ambayo hayajapimwa, kila boksi likiwa mwanamke au mtoto aliyekubali kuchunguzwa mwili mzima kwa kuamini kwamba kuna mtu atalifungua. Hargitay, ambaye mwaka 2004 alianzisha taasisi ya Joyful Heart baada ya kupokea barua nyingi za manusura, aliishughulikia habari hiyo katika filamu ya kumbukumbu ya mwaka 2017. Ukitaka kuandika maabara, andika boksi linalosubiri. Huku kwetu andika sampuli iliyopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na mama anayepiga simu kila Jumatatu. Na usisahau zile saa 72 ambazo dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani yake. Nimeona skripti nyingi sana ambazo kachero anamhoji msichana usiku kucha na hakuna hata mmoja anayemwuliza kama amefika hospitali.

Kikosi cha kwenye televisheni kina kesi moja kwa wiki. Ripoti ya mwaka 2018 ya idara ya uchunguzi ya jiji la New York ilieleza kwamba mwaka 2017 makachero 67 wa kesi za ngono za watu wazima walibeba kesi 5,661. Ziweke tarakimu hizo juu ya meza yako. Kachero wako ana mafaili mengine, simu inaita katikati ya mahojiano, na ni lazima aamue kuipokea au la. Mwanamke aliye mbele yake anaiona simu hiyo ikiita. Huo ni mgongano wa kweli unaopatikana bila kumzulia mtu mbaya.

Sasa kwa anayeandika kwa Kiswahili, kwa ajili ya watazamaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza. Tafadhali usituletee baraza la wazee wa mahakama la watu 12 wanaohutubiwa na wakili mwenye suti. Kesi ya ubakaji Tanzania inasikilizwa na hakimu, mara nyingi kwa faragha pale mlalamikaji anapokuwa mtoto, na hakuna hotuba ya kuwaliza wananchi. Mambo mengine tunayo ambayo New York hawana, nayo ni mazito. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto, kuna fomu ya PF3 inayotoka kituoni kwenda kwa daktari na kurudi, Kenya kuna P3. Kuna mtoto mdogo mbele ya hakimu, ambaye kabla ya kutoa ushahidi anatakiwa aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Mahakama ya Rufani imewahi kuufuta ushahidi wa mtoto kwa sababu hatua hiyo ilirukwa. Na kuna kanuni inayorudiwa na mahakama hiyohiyo, kwamba ushahidi bora wa ubakaji ni wa aliyebakwa mwenyewe. Hakimu akimwamini, anaweza kutia hatiani hata bila maabara. Umeona tena tulipo? Tumerudi kwenye sauti ya mtu mmoja na namna alivyoulizwa.

Halafu kuna kikao cha familia. Hiki kinastahili msimu mzima. Mtuhumiwa ni baba mdogo anayelipa ada ya wadogo zake mtoto. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kila mtu kwenye kile kikao anaijua. Bibi anasema "haya ni ya ndani, yamalizwe ndani." Anaitwa mjumbe. Zinatajwa ng'ombe wawili, au laki kadhaa, au ahadi ya ndoa. Mama wa mtoto hajafungua mdomo. Siku ya kesi shahidi hayupo, amepelekwa kwa ndugu mkoani, na kachero wa Dawati anasimama mbele ya hakimu akiomba ahirisho jingine. Hapo mahojiano muhimu kuliko yote hayafanyiki kituoni kabisa. Yanafanyika jikoni, kachero amekaa kwenye kigoda, anamsaidia mama kuchambua mchicha, na bado hajauliza chochote. "Mama, nimekuja tu kukujulia hali." Andika hiyo. Bado sijaiona imeandikwa vizuri, na nina hamu nayo.

Mnapofika kwenye kurekodi, linda watu. Mwigizaji wa sini hizi aijue sini nzima mapema, ajue nani atakuwepo chumbani, awe na haki ya kusema hapana. Mtoto mwigizaji asipewe ukurasa wa maneno ya tendo. Elekezeni kamera kwenye mlango, kwenye mkono wa kachero, kwenye kifungo cha shati. Mwisho wa kila sehemu weka namba: 116 ya msaada kwa watoto inafanya kazi Tanzania na Kenya, na Kenya kuna 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Tunafanya hivyo kwa sababu hadithi hizi hugusa watu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State walichapisha mwaka 2015 kwamba wanafunzi wa chuo waliokuwa wakitazama tamthilia za familia ya Law & Order waliamini kwa kiwango kidogo zaidi zile dhana potofu kuhusu ubakaji, na kwa tamthilia nyingine za uhalifu hali haikuwa hiyo. Ni uhusiano tu, hauthibitishi kilichosababisha kingine. Lakini mimi ninauchukulia kwa uzito, kwa sababu yule askari wa kaunta wa kesho yuko sebuleni leo anatazama.

Mwisho ni suala la utafiti wako. Usimtafute manusura ili akusimulie yaliyompata kwa ajili ya skripti. Ameshasimulia kwa muuguzi, kwa polisi, kwa hakimu, na hakuna deni analodaiwa na sisi. Neil Baer, aliyeongoza waandishi wa Special Victims Unit kwa zaidi ya misimu kumi, ni daktari kitaaluma. Nawe mtafute muuguzi, ofisa wa Dawati, ofisa ustawi wa jamii, mwendesha mashtaka mstaafu, umwombe asome sini zako na kuziwekea alama nyekundu. Kwa sauti za walioumizwa, nenda kwenye tovuti za TanzLII na Kenya Law, ambako hukumu zinasomwa bure na majina ya watoto huwa yamefichwa. Usikimbilie ukurasa wa adhabu. Anza pale shahidi wa kwanza wa mashtaka anaposimama, usome alichoulizwa na alichojibu, kisha usome shahidi wa utetezi, kisha rudi kwa shahidi wa kwanza mara ya pili ukiwa na daftari.